Mahali pa Kungojea

Jua la alasiri likishapinda nyuma ya mapaa ya Mji Mkongwe, Unguja, wanaume huanza kutoka nje mmoja mmoja na kuketi. Hakuna abebaye kiti. Kiti kimejengwa pamoja na nyumba: ukingo wa mawe na chokaa unaoandama ukuta wa mbele, kimo chake magotini, upana wake wa kumtosha mtu kukunja miguu akitaka. Chokaa imesuguliwa na kanzu na vikoi vya vizazi kadhaa hadi imekuwa laini kama kete. Anayekaa hukutana kwanza na ubaridi wa jiwe, ndipo akaitikia salamu. Muuza kahawa husikika kabla hajaonekana, maana vikombe vyake anavigonganisha mkononi mtaa mzima, na harufu ya tangawizi inamfuata nyuma. Pale paitwapo Jaws Corner, dhumna hupigwa kwa kishindo, na siasa huchambuliwa kwa sauti ambayo mpita njia hawezi kujifanya hakuisikia.

Kiti hicho ndicho baraza.

Katika Kiswahili jina la kiti ndilo jina la kikao. Mawaziri wana Baraza lao, mitihani ina Baraza lake, Wazanzibari huchagua watu wa kuwasemea katika Baraza la Wawakilishi, na chifu wa Kenya akitaka kuzungumza na watu wake huitisha baraza hata pasipo benchi, wala ukuta, wala kivuli zaidi ya mwembe. Wenye lugha waliona jambo ambalo wasanifu majengo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa. Mazungumzo huanza pale mtu alipopata pa kukaa, akamwona mwenzake uso, na asitokee mtu wa kumwinua.

Jengo la umma, likivuliwa bendera na kibao cha jina, ni mahali pa kungojea. Mtu hungojea daktari, hati ya kiwanja, hukumu, pasipoti, basi, maiti. Dakika za kuhudumiwa ni chache, saa za kukaa ndizo nyingi. Hata hivyo michoro mingi huanzia upande wa pili wa dirisha, kwa mwenye kuhudumu, na anayengoja huachiwa ushoroba. Ushoroba huo kila msomaji anaujua. Una taa ndefu nyeupe zinazowaka mchana kutwa, vigae vinavyorudisha kila sauti mara mbili, na viti vya plastiki vilivyoungwa kwa chuma vikitazama upande mmoja, hivi kwamba mtu hukaa asubuhi nzima akisoma shingo ya asiyemjua. Mwisho wake ni dirisha la kioo lenye tundu lililotobolewa chini mno. Mzee wa miaka sabini anainama kama anayerukuu ili ataje ugonjwa wake, na foleni yote nyuma inasikia. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Ni kwamba aliyelichora tundu lile alikuwa ameketi.

Ufundi unaostahili kusifiwa, basi, ni ule wa anayeanza kuchora kutoka kwenye foleni.

Mafundi wa pwani walianzia hapo bila kuiita nadharia. Mipaka waliwekewa na boriti. Mti wa mkoko unaoweza kubeba dari ya mawe hauvuki mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, na waliomo hukaa karibu karibu watake wasitake. Kuta zao ni za matumbawe, jiwe la bahari lenye vitundu vitundu, zikapakwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu, huchelewesha joto la mchana, na sauti ndani yake hutulia badala ya kurukaruka. Mlangoni pana daka: kibaraza kilichoezekwa, chenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana. Watalii hupiga picha nakshi za mlango, na nakshi zinastahili, lakini kazi ngumu zaidi inafanywa na daka. Mgeni aliyefika hapo hajaingia nyumbani wala hayuko tena njiani. Anaweza kupumzika, kuuliza habari, kungoja mwenyeji avae vizuri, akaondoka bila yeyote kuona haya.

Chokaa nayo ilitaka watu. Mchanganyiko wa chokaa na kokoto ulimwagwa juu ya mawe na boriti, kisha kundi likajipanga na kuupiga kwa vijiti siku nenda siku rudi, kwa nyimbo, mpaka ukashikana usivuje. Aliyepita chini ya nyumba inayopigwa dari aliisikia kabla ya kuiona, na wengi walioimba siku hizo hawakuwa wa kulala ndani yake.

Ufundi huo ulihamia kwenye zege bila kufa. Beda Amuli, mmoja wa Watanzania wa kwanza kusomea usanifu majengo, alichora soko la Kariakoo lililojengwa Dar es Salaam katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Mahali penyewe pana jina la wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji waliligeuza jina likakaa mdomoni. Amuli angeweza kufunika soko kwa bati kama ghala. Badala yake alipandisha miavuli ya zege iliyopinduliwa juu chini, kila mmoja na nguzo yake, mirefu kiasi cha kuifanya meza ya nyanya ionekane kama iko chini ya msitu. Joto la watu na la mizigo hupanda juu na kutafuta njia ya kutokea. Mvua ikinyesha, kila mwavuli hukusanya maji kifuani mwake na kuyashusha hadi kwenye matangi. Mvua ya Dar es Salaam haiji kwa aibu, na aliyekuwa anapatana bei ya mchele alikuwa na ngurumo yake juu kabisa, mbali, huku yeye amekauka.

Chini kulikuwa na sehemu iliyoitwa Shimoni, na kila aliyezoea alijua alipo kwa pua yake: hapa dagaa, pale ndizi zilizoanza kuiva, mbele kidogo iliki na pilipili manga. Hakuna kibao kilichohitajika. Mwenye shughuli za haraka alilalamika kuwa soko linachosha, na kweli linachosha, lakini ni mahali ambapo mke wa waziri na mama lishe waliminya embe moja kwa zamu. Moto wa usiku wa Julai 10, 2021 uliunguza sehemu kubwa ya jengo. Wafanyabiashara wakahamishiwa kwingine, na katika siku zilizofuata watu walilizungumzia soko lile kwa namna ambayo majengo ya ofisi hayazungumziwi. Walitaja harufu. Walitaja kona.

Mbali na bahari, katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, mtoto aliyezaliwa mwaka 1965 alipelekwa mji wa Tenkodogo kwa sababu kwao hakukuwa na shule. Darasa alilokalia lilikuwa la saruji, limejaa watoto, na joto lake hakulisahau. Diébédo Francis Kéré akawa seremala, akaenda Ujerumani, akasomea usanifu Berlin, na kabla hajamaliza masomo akachangisha fedha na kurudi kuwajengea watoto wa Gando shule. Ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo.

Alipowaambia wanakijiji kuwa atajenga kwa udongo, walimshangaa. Udongo ndio walioukimbia, ule unaomomonyoka kila masika, na kijana wao ametoka Ulaya aje awarudishe kulekule? Ikabidi awaonyeshe. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali. Juu yake ikawekwa dari yenye matundu, na juu ya dari, bati likainuliwa kwa fremu za nondo zilizochomelewa palepale kijijini, ili upepo upite kati ya bati na dari na kuondoka na joto. Sakafu ilipigwa na wanawake kwa mikono na vipigio, kwa mdundo, kisha ikasuguliwa kwa mawe mpaka ikawa laini. Mwashi wa Unguja aliyewahi kupiga dari angejiunga nao bila kufundishwa.

Maktaba ya shule hiyo ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu. Kéré aliwaomba wanawake walete vyungu, vile vya kawaida vya kuwekea maji na nafaka. Wakavileta wamevibeba kichwani. Vyungu vikakatwa juu na chini, vikabaki pete za udongo, vikapangwa juu ya ubao wa kumwagia dari, na zege ikamwagwa kuzizunguka. Mbao zilipoondolewa dari ilikuwa imejaa matundu ya mviringo, makubwa kwa madogo, kila moja na ukingo wa chungu wa rangi ya kutu. Hewa moto hutokea humo. Mwanga nao huingia humo na kuangukia sakafu kama sarafu kubwa, ukihama taratibu kadiri jua linavyosogea, na msomaji anaweza kuhama nao. Huenda mmoja wa wasomaji hao bibi yake alitekea maji kwa kilichokuwa chungu, ambacho sasa kimo kichwani mwa jengo.

Kéré ameubeba mti ambao watu wa kwao hukutana chini yake mpaka London. Katika kiangazi cha mwaka 2017 alijenga banda la muda la Serpentine katika bustani ya Kensington: paa pana kama kivuli cha mti, kuta za mbao zilizopakwa buluu, rangi ya nguo za siku kubwa kijijini kwao. Paa liliinamia katikati, ambako palikuwa na tundu. Mvua iliponyesha, na London hunyesha, maji yalikusanyika na kushuka hapo katikati kama maporomoko madogo, na watu waliokuja kujikinga wakajikuta wamesimama kwa duara wakiyatazama. Watu wa London kwa kawaida hungojea mvua ipite wakiangalia viatu. Miavuli ya Amuli ilikuwa imeshawafundisha watu wa Dar es Salaam kusikiliza mvua miaka arobaini hivi kabla, ila haikuwa na wapiga picha wa magazeti ya Ulaya. Na kando ya Ziwa Turkana, Kenya, chuo cha teknolojia alichokamilisha Kéré mwaka 2021 kina minara iliyoigwa kwenye vichuguu vya mchwa, ya kuvuta hewa moto kutoka vyumbani. Anayefika huiona minara kutoka mbali, kama vile anavyoviona vichuguu.

Hospitali ni jambo zito zaidi, kwa sababu humo anayengoja ana hofu.

Mwaka 1933 Alvar Aalto na mkewe Aino, wasanifu wa Ufini, walikamilisha hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, katikati ya misonobari. Wakati ule dawa ya kifua kikuu haikuwapo; mgonjwa alitibiwa kwa jua, hewa na kulala. Aalto akachora chumba cha mtu aliyelala. Dari ilipakwa rangi tulivu kwa sababu mgonjwa huitazama mchana kutwa, na taa iliwekwa isimpige machoni. Kisha kuna beseni. Vyumba vilikuwa vya watu wawili, na kila mmoja alikuwa na beseni lake la kunawia, ambalo ukingo wake umelazwa kwa mshazari uliopimwa ili maji ya bomba yateleze badala ya kudondoka. Yasipige kelele. Mmoja akiamka usiku wa manane kutema na kunawa, mwenzake aendelee kulala. Ni kipande cha kauri tu, na huenda hakuna mgonjwa aliyewahi kukisifu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutosikika.

Ugonjwa uleule ulirudi kuwatafuta wasanifu karne iliyofuata. Katika hospitali moja ya Tugela Ferry, Afrika Kusini, madaktari walieleza mwaka 2006 habari za wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kupindukia; 52 kati yao walikufa. Baadhi yao walikuwa wameambukizwa wodini na walipokuwa wakingoja, katika vyumba vyenye watu wengi na hewa isiyotembea. Ushoroba ulikuwa umegeuka kuwa mlango wa ugonjwa.

Habari hizo zilikuwa vichwani mwa vijana wa MASS Design Group walipoanza kuchora hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, pamoja na Wizara ya Afya ya nchi hiyo na shirika la Partners In Health. Ilifunguliwa mwaka 2011. Jambo la kwanza walilofanya ni kuuondoa ushoroba wa ndani. Watu hutembea na kungojea nje, kwenye varanda zilizoezekwa, upepo wa milima ukiwapitia, mabonde ya Burera yakiwa mbele yao. Mswahili akiulizwa varanda hiyo inaitwaje, jibu analo tangu utotoni: ni baraza.

Wodini, madirisha yako chini na juu, na mapangaboi makubwa yanazunguka polepole kuipandisha hewa. Vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za pembeni kama ilivyozoeleka, ambapo mgonjwa hutazama mgonjwa. Ukuta mfupi ulijengwa katikati ya wodi, vitanda vikaegemea hapo kichwa kwa kichwa, na kila aliyelala akapata dirisha lake na kilima chake. Muuguzi aliyesimama huona wodi nzima. Mgonjwa aliyelala haoni kikohozi cha mtu mwingine kikimjia usoni.

Lakini watu wanaoizungumzia Butaro huishia kwenye mawe. Ni mawe meusi ya volkano za Virunga, ambayo mkulima akiyakuta shambani huyaona balaa na kuyatupa pembeni. Waashi wa hapo, wanaume na wanawake, walijifunza kuyachonga na kuyapanga kama vipande vya fumbo, saruji ikifichwa nyuma ili uso ubaki wa jiwe na kivuli. Kazi ilikuwa ya polepole. Kila jiwe liligeuzwa, likajaribiwa, likagongwa ncha, likajaribiwa tena. Miezi ilivyopita mikono ikawa hodari, mpaka waashi wakautazama ukuta waliouanza nao na wakaona haya. Wakaomba waubomoe waujenge upya. Ukaangushwa, ukainuliwa tena. Kilima chenyewe kilikuwa kimesawazishwa kwa majembe, ili fedha ambazo zingelipia tingatinga ziingie mifukoni mwa watu wa pale. Hivyo aliyekuja baadaye na mtoto mwenye homa, akakaa kwenye varanda na kuegemea ukuta, aliweza kumwambia jirani yake ni nani aliyeuchonga, na mara nyingine alikuwa ni yeye mwenyewe.

Mtu anaweza kusema kuwa hisia pekee zatosha, na kutolea mfano mabafu ya Vals, Uswisi, aliyoyachora Peter Zumthor yakafunguliwa mwaka 1996. Ni kazi ya kustaajabisha. Kuta zake ni mabamba 60,000 ya jiwe la kijani-kijivu lililopasuliwa katika bonde hilohilo. Kuna birika la nyuzi 42 na jingine la nyuzi 14, birika la maua, na chumba ambamo mtu akivuma kidogo ukuta unavuma naye. Mwili mzima huamka. Lakini anayeingia humo hunong'ona, huogelea peke yake, hutoka peke yake. Kijiji cha Vals ndicho kilichojenga mabafu hayo, na mwaka 2012 kikaamua kuyauza. Jiwe lile lingali zuri vilevile. Mwashi wa Butaro angelipenda, kisha angeuliza watu wanakaa wapi kuzungumza.

Swali hilo ndilo huamua. Kuchora sauti, harufu na mguso kunawezekana kwa fedha. Kuchora nafasi ambayo watu wasiojuana watakaa nusu saa bila kuona wamepotezewa muda kunataka msanifu aliyewahi kungoja. Benchi lisitazame ukuta. Kivuli kifike pale jua linapokuwa saa nane, saa ambayo foleni ni ndefu kuliko zote. Sauti ya anayeeleza shida yake isifike nyuma, na ya anayesimulia kisa ifike. Mama apate pa kumweka mtoto pasipo sakafu. Vitu hivi havionekani kwenye picha ya jalada, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya vioo vya mbele.

Unguja, masika ya mwezi wa nne huja bila hodi. Vichochoro vya Mji Mkongwe hujaa maji ya rangi ya chai, viatu huvuliwa, na ndipo baraza huonyesha kazi yake nyingine. Wapita njia hupanda juu yake na kwenda hatua kwa hatua, kutoka nyumba hadi nyumba, mkono mmoja ukutani na mwingine umeinua buibui au suruali. Mwanafunzi hupita na mkoba kichwani, muuza mkate nyuma yake. Wazee waliotangulia kukaa hawainuki. Husogeza ubao wa bao karibu na ukuta, hukunja miguu, humpa anayepita nafasi ya unyayo mmoja, naye hutaka radhi, huulizwa anatoka wapi na mvua hii, hujibu akiwa ameshafika baraza la pili. Kete zinaendelea kugawiwa.